Papa anakula kidogo ili kifuko kisijae

Jambo mama,

Nakuandikia kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Tumezaliwa sita, mimi ni wa pili, na ndiye ninayemuuguza papa, baba yetu. Ana miaka 66, alikuwa mfanyakazi wa reli kabla ya kustaafu.

Mwaka wote uliopita alilalamika tumbo. Mara anafunga choo siku nne, mara anaharisha, na damu kidogo ikionekana. Tulitibu amiba, tukatibu minyoo, halafu tukaambiwa ni bawasiri. Mwezi uliopita tumbo likavimba, akatapika usiku kucha, tukamkimbiza hospitali na wakampasua usiku uleule. Daktari alisema utumbo mpana ulikuwa umezibwa na uvimbe upande wa kushoto. Amekata kipande hicho na kutoa mdomo wa utumbo nje kwenye ngozi ya tumbo. Sasa papa anajisaidia kwenye kifuko.

Karatasi ya anapath, yaani majibu ya maabara ya kile kipande kilichokatwa, ilifika wiki iliyopita. Imeandikwa ni adenokarsinoma, aina ya kansa, kisha «pT3 N1b, 2N+/14N». Daktari aliisoma amesimama, akasema ni «stade trois», hatua ya tatu, turudi naye tuzungumzie kemo, yaani dawa za kuua kansa. Hatujarudi, na sasa ni wiki ya tano tangu apasuliwe.

Tulifanya kikao. Baba mdogo alisema hatua ya tatu kati ya nne ni mtu aliyekwisha kufika, pesa ya dawa afadhali tuiweke akiba ya matanga. Mchungaji wetu naye anasema uvimbe umetolewa, papa amepona, dawa za nini tena? Mama yetu hataki papa asikie neno kansa, anaogopa presha yake itapanda.

Nyumbani mambo ni magumu. Ngozi kando ya ule mdomo imebabuka, ingawa mdogo wangu anaisafisha kila mara kwa spiriti na maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Vifuko ni bei kali, kwa hiyo tunangoja kijae ndipo tukibadilishe, na mara mbili kimebanduka usiku. Papa haendi tena kanisani. Mama amehamia chumba cha wasichana. Papa alikuwa mlaji wa bukari, yaani ugali, sasa anakula vijiko vitatu vya uji anasukuma sahani. Nilidhani ni ugonjwa, mpaka juzi nilipomsikia akimwambia mjukuu wake: «Nisipokula, hakijai.» Na kila asubuhi ananiuliza, «Watanirudishia tumbo langu lini?» Sina jibu.

Tufanye nini, mama? Halafu kaka yetu mkubwa, mwenye miaka 41, naye anaona damu chooni mara mojamoja. Anasema ni bawasiri.

Binti wa Katuba

*

Binti yangu,

Kabla ya yote, angalia kalenda. Kemo ya baada ya upasuaji wa utumbo mpana huanza vizuri ndani ya wiki 6 hadi 8, jeraha likishapona, na kadiri inavyocheleweshwa ndivyo faida yake inavyopungua. Ninyi mko wiki ya tano. Kikao cha ukoo kinaweza kuendelea wakati papa ameshapelekwa kwa daktari. Mpeleke wiki hii, hata kama baba mdogo hajamaliza kuongea.

Sasa tuisome ile karatasi, kwa sababu naona kila mtu pale nyumbani anaisoma kwa miwani yake.

Herufi ndogo p inamaanisha kwamba kipande kilichokatwa kimetazamwa kwa hadubini. Hakuna aliyekisia. T inaeleza uvimbe umechimba ukuta wa utumbo kwa kina gani. Wengi hudhani ni ukubwa wa uvimbe, sivyo. T1 umeishia kwenye tabaka lililo chini ya ngozi ya ndani. T2 umeingia kwenye msuli. T3, ambayo ndiyo ya papa, umeupita msuli na kugusa mafuta yanayouzunguka utumbo. T4 umetoboa utando wa nje kabisa au umeng'ang'ania kiungo cha jirani. N ni tezi za limfu. Zimetazamwa 14, na 2 zina saratani. Tezi 1 hadi 3 ni N1, kuanzia 4 ni N2. Hiyo namba 14 nimeipenda: wataalamu wanataka zitazamwe angalau 12, la sivyo hesabu haiaminiki. Kwa upasuaji wa dharura wa usiku, huyo daktari na maabara yake wamefanya kazi nzuri, hata kama alikusomeeni majibu amesimama.

Herufi ya tatu, M, haimo kwenye karatasi yenu. Maabara hupokea kile kipande tu, haiwezi kujua hali ya ini wala mapafu. M hutafutwa kwa skana ya kifua na tumbo. Kwa hiyo swali lenu la kwanza kwa daktari ni hili: je, skana imefanyika, na imeonyesha nini? Kama ini na mapafu ni safi, ndipo tunasema hatua ya tatu kwa uhakika.

Hatua ya kwanza na ya pili, saratani iko kwenye ukuta wa utumbo au imeupita, lakini tezi ni safi. Ya tatu, tezi za jirani zimeguswa. Ya nne, imehamia mbali, mara nyingi kwenye ini. Baba mdogo anazihesabu kama vituo vya treni, cha nne kikiwa makaburini, basi cha tatu ni kujiandaa kushuka. Mwambie hivi: hatua ya tatu ya utumbo mpana hutibiwa kwa nia ya kuponya. Marekani, kati ya watu ambao saratani yao ya utumbo mpana ilikuwa imefika kwenye tezi au sehemu za jirani, takriban 7 kati ya 10 bado wako hai miaka 5 baadaye. Hiyo ni Marekani, ambako dawa hazikosekani, nami siwezi kukuahidi namba hiyo kwa papa. Lakini hatua hiyo si ya kuwekea akiba ya matanga.

Mchungaji hakukosea yote. Uvimbe uliokuwa ukionekana umetoka kweli. Ila zile tezi 2 ni ushahidi kwamba chembe zilikuwa zimeshaanza safari, na chembe chache zilizobaki popote mwilini hazionekani kwa jicho wala kwa skana. Kemo inafuata hizo. Na hili limepimwa: mwaka 1990 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba wagonjwa wa hatua ya tatu waliopewa fluorourasili pamoja na levamisoli baada ya upasuaji walikufa wachache, karibu theluthi moja pungufu, kuliko waliopasuliwa tu wakaachwa. Levamisoli, ndiyo, ile dawa ya minyoo! Usikimbie duka la dawa lakini. Ilishaachwa katika tiba hii, nafasi yake ikachukuliwa na dawa bora. Mchungaji aombe, na papa atibiwe. Sioni vinapogombana.

Siku hizi njia ni mbili, daktari atawapa moja. Ya kwanza ni dripu kila baada ya wiki 2, fluorourasili na asidi ya foliniki pamoja na oksaliplatini. Ya pili ni dripu ya oksaliplatini kila baada ya wiki 3, pamoja na vidonge vya kapesitabini vinavyomezwa nyumbani siku 14, kisha wiki ya kupumzika. Ya kwanza huchukua miezi 6. Kwa mgonjwa wa T3 N1 kama papa, ile ya vidonge mara nyingi hutosha miezi 3, na hilo ni jambo la kuuliza wazi, maana ni tofauti kubwa kwa mwili na kwa mfuko. Daktari atapima kwanza damu, figo na moyo, ndipo aamue. Ulizeni bei ya tiba nzima, msikubali kutajiwa bei ya dripu ya kwanza peke yake. Ulizeni pia kama dawa za mizunguko yote zinapatikana hapa Lubumbashi. Nimeona familia zinauza kiwanja kwa mizunguko miwili, halafu dawa zinakosekana na tiba inakatika. Wengine huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Hospitali ya Magonjwa ya Saratani kule Lusaka, Zambia. Mkifikiria hivyo, nendeni na kipande cha anapath, skana na ripoti ya upasuaji mkononi. Na mtu akiwaambia papa lazima apigwe mionzi, mwulizeni kwa nini. Mionzi hutumika sana kwa saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho. Kwa utumbo mpana wenyewe kwa kawaida haihitajiki.

Kemo ikianza, nunueni kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, mara nyingi wiki moja hadi mbili baada ya dripu. Papa akifika nyuzi 38, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni saa nane ya usiku. Kwetu hapa homa ni malaria, kila mtu ana vidonge kabatini, mnampa na kungoja asubuhi. Kwa mtu aliye kwenye kemo, kungoja huko kunaweza kumuua. Malaria itapimwa hukohuko hospitali. Oksaliplatini nayo huchukia baridi: vidole hufa ganzi, na maji ya friji yanaweza kumfanya ahisi koo linafunga. Mpeni maji ya uvuguvugu, na zile asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mzijuazo, glavu na soksi. Ganzi ikianza kubaki mpaka dripu inayofuata, asiifiche, daktari hupunguza dozi. Kapesitabini huweza kuwasha na kubabua viganja na nyayo, au kuharisha sana. Haisagwi, na watoto wasiishike. Siku mbili baada ya dripu, anayemwaga kifuko avae glavu na anawe kwa sabuni, kwa sababu dawa hutoka pia kwa choo na mkojo. Siku za vidonge glavu ni kila siku. Dawa za miti shamba mnazompa, kama zipo, zitajeni kwa daktari bila aibu.

Sasa kifuko, ambacho naona ndicho kinachomtesa papa kuliko saratani yenyewe.

Spiriti iachwe leo. Na hayo maji ya dawa pia. Mdogo wako anasafisha kwa moyo wote, lakini anaichoma ngozi. Choo cha upande wa kushoto wa utumbo huwa kizito, kwa kawaida hakibabui ngozi hivyo, kwa hiyo nashuku mambo mawili: hizo dawa, na tundu la kifuko kuwa kubwa mno. Stoma, yaani ule mdomo, huvimba baada ya upasuaji, kisha husinyaa kwa wiki 6 hadi 8. Tundu lililokatwa hospitalini siku ya kwanza sasa limepita kiasi, choo kinakaa juu ya ngozi tupu. Pimeni stoma kila mnapobadilisha. Chukua karatasi ngumu, kata duara, ijaribu, kisha kata tundu la kifuko lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu.

Kubanduka usiku kunatokana na kungoja kijae. Mwaga kifuko kikifika theluthi moja. Kama ni kile chenye mdomo chini unaofungwa kwa kibanio, papa anakaa chooni, anakimwaga, mnasuuza ule mdomo kwa maji na kufunga. Kifuko kilekile kinaweza kukaa siku tatu hivi kikishika vizuri. Utaona kwamba kumwaga mapema kunaokoa vifuko, maana uzito ndio unaokibandua. Siku ya kubadilisha, fanyeni asubuhi kabla hajala, utumbo ukiwa umetulia. Usivute kifuko, ishike ngozi kwa mkono mmoja na kuisukuma taratibu kutoka kwenye gundi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, kausha kabisa kwa kugusagusa, ndipo ubandike na kukandamiza kwa kiganja dakika moja au mbili, joto la mkono liilainishe gundi. Vaseline, mafuta ya nazi, krimu, vyote huizuia kushika. Ngozi yenye nywele, nyoa.

Stoma nzuri ni nyekundu na yenye unyevu. Tone la damu ukiifuta ni kawaida. Haina hisia za maumivu, kwa hiyo papa hataona kama mmeiumiza, ndiyo maana macho yenu ni muhimu. Ikigeuka zambarau au nyeusi, ikitoa damu isiyokoma, au choo kikikatika huku tumbo linavimba na anatapika, msingoje.

Kuhusu kula: umefanya vizuri kumsikiliza alipokuwa akiongea na mjukuu. Mwambie kwamba utumbo mtupu unaendelea kutoa gesi na ute, kifuko kitavimba hata asipokula, na zaidi ya hapo, mtu aliyekonda ndiye daktari huahirishia kemo. Mpeni kidogokidogo mara tano au sita kwa siku. Uji wenye siagi ya karanga, bukari laini, samaki, kuku, yai, ndizi. Yai, samaki, kitunguu na maharagwe huongeza harufu au gesi, lakini msimnyime vyote. Rudisheni kimoja kimoja, siku mbili kila kimoja, muone tumbo lake linasema nini. Sombe, yaani kisamvu, iive sana na iwe laini. Finkubala, wale viwavi wa kuliwa, kama anazipenda kama wazee wengi wa huku, zingoje kidogo, na akianza azitafune mpaka ziishe mdomoni. Maji ya kutosha, maana akifunga choo tena atarudi kwenye hofu. Hatakiwi kuinua ndoo wala mfuko wa unga kwa wiki 6 hadi 8, hernia (ngiri) hupenda mahali pale. Kanisani anaweza kwenda Jumapili hii. Amwage kifuko kabla ya kutoka, avae shati pana juu ya suruali, akae karibu na mlango kama itampa amani. Kifuko kilichoshika vizuri hakinuki. Kinanuka kikivuja au kikifunguliwa.

Mama yako nina neno naye. Mama, saratani haiambukizi, wala kifuko hakipasuki kwa sababu umelala kando ya mumeo. Labda ulihama ili apumzike vizuri, lakini muulize mwenyewe ameelewa nini siku ulipobeba mto wako. Mambo mengine ya mume na mke yatarudi mwili ukipata nguvu, hakuna daktari anayeyakataza.

Na kuhusu kumficha. Mama, papa atakaa kwenye dripu kwa miezi, kati ya wagonjwa wengine wanaoongea. Atalijua neno hilo kwa jirani wa kitanda, na siku hiyo atajua pia kwamba nyote mlijua. Simaanishi mumwagie kila kitu sebuleni. Mtangulieni kwa swali: «Papa, unataka daktari akueleze mwenyewe, au atueleze sisi?» Wazee wengi husema wanieleze. Basi daktari amweleze, mama akiwa kando yake, na neno la pili baada ya kansa liwe kwamba kuna dawa. Presha ina vidonge vyake. Isitoshe mwili ni wake, na kemo haianzishwi bila yeye kukubali.

Swali lake la kila asubuhi lina jibu, ingawa si la tarehe. Wengi waliopasuliwa kwa namna hii huweza kuunganishwa tena utumbo, kwa kawaida baada ya kemo kwisha na mwili kupata nguvu. Wengine hubaki na kifuko. Mpasuaji wake ndiye anayejua ameacha nini ndani, papa amuulize kwa mdomo wake. Kabla ya hapo, ndani ya miezi 3 hadi 6 tangu upasuaji, aingizwe kamera kupitia stoma na kupitia chini, kwa sababu utumbo uliokuwa umeziba haukuweza kukaguliwa wote, na huenda kuna vinyama vingine vilivyoota ndani. Baadaye kuna kipimo cha damu cha CEA, cha kuangalia kama saratani inarudi, kila miezi 3 hadi 6, na skana kadiri daktari atakavyopanga.

Kaka yako sasa. Papa naye alikuwa na bawasiri, si ndivyo mlivyoambiwa? Mtoto wa mtu aliyeugua saratani hii huanza kuchunguzwa kwa kamera akiwa na miaka 40, au mapema zaidi kama mzazi aliugua kijana. Kaka ana 41, na tena anaona damu, kwa hiyo hii si ya uchunguzi wa kawaida wa kusubiri zamu. Siku mtakayompeleka papa, aende naye, aseme mbele ya daktari kwamba anatoka damu na kwamba baba yake ni huyu hapa. Wewe na wadogo zako, kila mmoja akifika 40, au siku yoyote atakayoona damu au choo kubadilika kwa wiki kadhaa.